Vyumba sita, LUKU moja: mwongozo kwa mwenye nyumba ya kupangisha

Nyumba ninayoizungumzia hapa kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani bomba, choo na bafu. Zimejaa Mbagala, Tandika, Manzese, Buguruni na Vingunguti. Mwenye nyumba huenda anaishi kwenye chumba kimojawapo, au alishahamia Chanika na anakuja mwisho wa mwezi kuangalia hali. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Mwenye apatimenti Masaki ana wakili na meneja, hanihitaji.

Wengi wanaoanza kupangisha wanamwogopa mpangaji asiyelipa kodi. Yupo, na tutafika kwake. Lakini kaa na mjumbe wa mtaa wowote akusimulie mashauri anayosuluhisha: umeme umekatika saa mbili usiku na fulani hakuchanga, maji yameisha kwenye simtanki, zamu ya choo imerukwa. Kodi inalipwa kila baada ya miezi mitatu au sita. Umeme unanunuliwa kila baada ya siku chache, na kila ununuzi ni nafasi mpya ya kukwaruzana. Kwa hiyo tunaanza na nyaya na mabomba, mkataba utafuata.

Hatua ya 1: Tenganisha umeme kabla ya kupaka rangi

Mtu akipata laki tano za kuboresha nyumba hukimbilia rangi na tailizi, maana ndivyo vinavyomvutia mteja. Kama vyumba vyako vyote vinakula LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, rangi isubiri.

Angalia hesabu. Mteja wa majumbani anayetumia umeme kidogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anaweza kuwekwa tarifu 4, kundi la bei ya chini. Huko uniti ni shilingi 100. Ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inakuwa 122. Tarifu 1, kundi la wanaotumia zaidi, uniti ni shilingi 292, na kwa makato hayohayo inafika 356. Sasa chukua wapangaji sita, kila mmoja ana taa, feni, televisheni na simu ya kuchaji, na tuseme kila chumba kinatumia uniti 40 kwa mwezi. Kwa mita moja wanafika 240, hivyo wako tarifu 1 na wanalipa zaidi ya 85,000. Kila mmoja akiwa na mita yake ya tarifu 4 atalipa 4,880, na wote sita hawafiki 30,000. Mpangaji wa mita ya pamoja analipa 14,240 kwa umeme uleule. Mweleze hesabu hii, na utashangaa anavyokubali kuongeza kodi ya 5,000 kwa mwezi ili apate LUKU yake. Bado atabakiwa na chenji.

Gharama ipo. Kwa bei iliyoanza mwaka 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini pasipohitaji nguzo ni 320,960 kwa mita, na juu yake kuna fundi wa kutenganisha nyaya za ndani. Tumia fundi mwenye leseni, si kijana wa mtaani anayejua kuunga waya tu. Huhitaji kufunga mita zote kwa pamoja. Anza na vyumba vya mbele vyenye biashara au friji, kwani hao ndio wanaowaudhi wenzao. Ukishafungiwa, ulizia ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, habari ya kuwekwa tarifu 4. Wanaangalia matumizi, na mita mpya si lazima ianzie huko.

Kama pesa hiyo haipo, funga sabumita, yaani mita ndogo ya kupimia tu, kwa kila chumba. Nyumba nzima itabaki tarifu 1, kwa hiyo nafuu ya bei hamtaipata, ila ubishi utapungua. Utaratibu wake uandikwe kwenye karatasi na ubandikwe ukutani karibu na mita kubwa. Kwa mfano: chumba namba 2 mara ya mwisho kilisoma 412, leo kinasoma 431. Kimetumia uniti 19, zidisha kwa 356, kinadaiwa 6,764. Fanya hivyo kwa vyumba vyote. Jumla ya sabumita itakuwa pungufu kidogo kuliko mita kubwa, kwa sababu ya taa ya korido, ya uani na ya chooni. Tofauti hiyo gawanya sawa kwa wote. Asome mtu mmoja, na mwingine awe anaangalia.

Kuna jambo dogo linalozua kelele kubwa kila mwanzo wa mwezi. Mtu ananunua umeme wa 20,000, anategemea uniti kama 56, zinakuja 51 na kitu. Papo hapo mnunuzi anashukiwa kwamba amekula hela. Hakuna aliyekula. Ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Wapangaji wakikulipia kwa kununua umeme, warudishie: kwa mwaka ni 18,000, ipunguze kwenye kodi yao na iandikwe kwenye daftari. Wenye nyumba wengi hunyamaza kimya, na wapangaji wengi hawajui. Mimi naona hiyo 18,000 ni bei ndogo sana ya kununulia imani ya watu sita. Na ukishafunga mita kadhaa kwenye nyumba moja, angalia zisikatwe zote kodi hiyo ya jengo. Ukiona hivyo nenda na namba za mita ukaombe ibaki moja.

Hatua ya 2: Maji, choo na taka

Bili ya DAWASA igawanywe kwa vichwa, si kwa vyumba. Bachela anayeoga na kutoka hawezi kulipa sawa na familia ya watu watano yenye mtoto wa nepi. Mtoto mchanga anahesabika? Kwangu ndiyo, kwa sababu ya kufua. Kubalianeni mapema, na idadi ihesabiwe upya mtu akihamia au kuhama.

Choo: usafi ni zamu za wapangaji, kunyonya karo, yaani shimo la majitaka, ni juu ya mwenye nyumba. Huu mstari uwe wazi kabisa. Kumbuka pia kwamba karo huwa linajaa wakati mbaya kuliko wote. Masika yanaanza Machi, maji ya ardhini yanapanda, na magari ya majitaka yanagombewa mji mzima. Mwisho wa Februari fungua mfuniko, tazama, na kama limekaribia lita gari wakati huo bei ikiwa bado ya kawaida. Wakati huohuo panda juu utazame bati na misumari yake, safisha mifereji, na hakikisha maji ya mvua hayaelekezwi kwenye karo. Kufungulia majitaka mtaani mvua ikinyesha ni tabia ya zamani. Leo utaletewa bwana afya na faini, na majirani hawatakusamehe.

Hela ya taka ni ya kila kaya. Usiichukue mkononi mwako kama huna sababu. Mzoaji akusanye mwenyewe na atoe risiti.

Hatua ya 3: Bei, miezi na dipoziti

Hakuna chombo cha serikali kinachokupangia bei ya chumba. Sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ni maelewano yako na mpangaji. Uliza majirani watatu wenye vyumba kama vyako, tazama nani ana chumba kimekaa wazi muda mrefu, upate bei.

Miezi sita au mwaka kwa mkupuo ndiyo mazoea ya mji huu, na ni mazoea mazuri kwa mtu anayetaka kumalizia ujenzi mahali pengine. Kwa kuendesha nyumba, mimi napendelea mitatu. Anayeweza kukusanya miezi sita kwa pamoja ni wachache, kwa hiyo unakuwa umewafukuza watu wazuri, mafundi na akina mama wa sokoni, wenye kipato cha kila siku. Pili, hela ya miezi sita ikishatumika, miezi mitano inayofuata bomba likipasuka huna cha kurekebishia. Tuseme chumba ni 70,000. Vyumba sita ni 420,000 kwa mwezi. Panga walipe kwa mafungu tofauti, wawili kila mwezi, na utakuwa na kitu kinachoingia mwaka mzima. Sehemu ya kumi weka pembeni kwa ajili ya matengenezo, usiiguse hata kwa sikukuu.

Dipoziti ya mwezi mmoja haijazoeleka sana kwenye vyumba vya uswahilini, na ukiidai juu ya kodi ya miezi mitatu na ya dalali utamkimbiza mtu. Nusu mwezi inatosha. Kazi yake ni kitasa, soketi na kioo.

Hatua ya 4: Dalali, na kumjua anayekuja

Dalali anafaa. Analeta watu haraka, na hela yake, kodi ya mwezi mmoja, kwa kawaida inatoka kwa mpangaji. Mashaka yanaanza ukimwachia funguo. Hapo atazungusha watu na kudai ada ya kuonyesha kwa kila anayekuja, hata chumba kikiwa kimeshapata mtu. Kuna walioishia kupokea kodi ya chumba kimoja kwa watu wawili. Funguo zikae kwako au kwa mpangaji unayemwamini, na kodi isipokelewe na mwingine yeyote. Mwambie hivyo dalali mbele ya mteja, kwa sauti ya kawaida, bila kumvunjia heshima.

Mteja akija, usimhoji kama polisi. Kaa naye dakika kumi. Utataka kujua anafanya kazi gani, ataishi na nani, alikuwa anaishi wapi na kwa nini anahama. Omba namba ya mwenye nyumba wake wa zamani umpigie, lakini jua kwamba mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mtu naye anaweza kumsifia. Swali zuri la kumuuliza ni hili: "Akirudi kesho utampokea?" Jibu likichelewa, umeshajibiwa.

Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya ndugu mmoja, kisha mpeleke au mwelekeze ofisi ya serikali ya mtaa akaandikishwe na mjumbe amfahamu. Wengine wanaona ni usumbufu. Siku mtu huyo akitoweka, au polisi wakija kumuulizia, utaona faida yake.

Usimnyime mtu chumba kwa kabila lake, dini yake, au kwa kuwa ni mama asiye na mume. Kwanza ni dhambi. Pili, uliza wenye nyumba wakongwe nani analipa kwa wakati.

Hatua ya 5: Mkataba

Fomu za mkataba zinazouzwa stationari zinafaa kuanzia, ila nyingi zina masharti ya mpangaji tu. Ongeza ya kwako wewe: utarekebisha nini, ndani ya siku ngapi. Karatasi mbili zinatosha. Viwemo majina kamili na namba za NIDA, chumba gani, kodi kiasi gani na inaanza na kuisha lini, dipoziti, umeme na maji yanagawanywaje, notisi ni ya muda gani. Kisha yale yanayoleta kero kwenye nyumba yenyewe. Yaandike kwa lugha ya kawaida, mfano:

"Chumba kitakaliwa na watu wasiozidi watatu. Mgeni atakayezidi wiki mbili, mwenye nyumba ajulishwe."

"Mkaa usiwashwe chumbani wala koridoni. Mtungi wa gesi uwe na valvu na mpira usiochakaa."

"Redio na spika mwisho saa nne usiku."

"Mpangaji hataruhusiwa kumpangisha mtu mwingine chumba hiki."

Kama mpangaji atafanya biashara ndani, saluni, cherehani au vitumbua vya kuuza, liseme wazi na umeme wake uwe na hesabu yake.

Sainini kila ukurasa, kila upande na shahidi wake. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji akigonga muhuri ni vizuri. Vilevile kuna ushuru wa stempu wa TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha 70,000 ni 8,400, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Watu wa vyumba vya uswahilini wengi hawalipi, na mkataba wao unakaa kabatini bila tatizo, hadi siku wanapoupeleka kama ushahidi na kuambiwa kwanza wakalipe ushuru na adhabu yake. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, mathalani imechukua chumba cha mbele kuwa ofisi, tegemea ikate asilimia 10 ya pango lako kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Dai cheti cha makato hayo na ukitunze, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa.

Hatua ya 6: Siku ya kukabidhi funguo

Ingieni chumbani pamoja, simu mkononi, mchukue video moja bila kukata. Anza mlangoni: kitasa, bawaba, komeo. Washa na uzime kila swichi, chomeka chaja kwenye kila soketi. Pitisha kamera kwenye nyavu za madirisha, vioo, dari, kona zenye unyevu, sakafu. Soma sabumita kwa sauti. Mtumie video hiyo hapohapo kwenye WhatsApp, ili nakala iwepo pande zote mbili na tarehe yake. Inachukua dakika tano, na ndiyo itakayoamua habari ya dipoziti atakapohama.

Hatua ya 7: Daftari

Nunua kaunta buku. Kila chumba kiwe na kurasa zake: tarehe, kilicholipwa, kinaishia lini, kilichotengenezwa. Hata kama kodi inakuja kwa M-Pesa au benki, andika risiti yenye kopi ya kaboni na umpe. Meseji za simu hufutika, simu huibiwa. Kodi ikipokelewa taslimu na mke, mume au mtoto wako mkubwa, risiti iandikwe na huyohuyo palepale. Nimeona ndugu wakigombana kwa miezi kwa sababu mpangaji alimpa kaka mtu elfu sabini barabarani. Nyumba ya urithi ndiyo mbaya zaidi kwa hili. Kama mnaimiliki ndugu wanne, chagueni mmoja wa kupokea kodi, wapangaji waarifiwe kwa barua yenye saini zenu nyote, na hao wengine watatu wasichukue hata shilingi ya soda mlangoni.

Hatua ya 8: Matengenezo

Ya mwenye nyumba ni ukuta, bati, mlango, mabomba, nyaya, karo. Ya mpangaji ni balbu, na alichovunja yeye au mwanawe. Kinachochakaa chenyewe ni chako, hata kama kimeharibikia mikononi mwake.

Panga muda wa kuitikia. Nyaya zinazotoa cheche, choo kilichofurika na mlango usiofungika, siku hiyohiyo au kesho yake. Bati linalovuja, wiki. Rangi, akihama. Na ukishindwa kwa sababu ya fedha, sema. Mpangaji akiambiwa "nivumilie hadi tarehe 5" na tarehe 5 fundi akafika, huyo mtu hatakusumbua kwenye kodi. Anayesikia "nitamtuma fundi" kwa miezi mitatu ataanza naye kujifunza kusema "nitakutumia kesho".

Ukitaka kuingia chumbani, piga simu kabla. Nyumba ni yako, chumba kwa sasa ni chake.

Hatua ya 9: Kodi imechelewa

Kazi hii inaanza kabla haijachelewa. Mwezi mmoja kabla ya kodi kuisha, tuma ujumbe kama huu:

"Habari za leo, Baba Rehema. Kodi ya chumba namba 3 inaisha tarehe 30 mwezi ujao. Naomba kufahamu kabla ya tarehe 10 kama mnaendelea. Miezi mitatu ni 210,000. Wasalimie nyumbani. Mama Neema."

Tarehe ikipita na hela haijaja, nenda. Usitume mtoto wala usipige kelele koridoni majirani wakasikia. Aibu humfanya mtu akukimbie, na mdaiwa anayekukimbia halipi. Muulize kuna nini. Kama amefiwa, ameuguliwa au kazi imesimama, pokea alichonacho, hata 20,000, andika risiti ya kiasi hicho na deni lililobaki, mkubaliane tarehe na wote msaini kwenye daftari. Kumpokelea mtu kodi ya mwezi mmoja badala ya mitatu si kushindwa. Chumba kikikaa wazi mwezi mzima umepoteza 70,000, na mpangaji mpya huna uhakika naye.

Mtu aliyevunja ahadi mbili za maandishi ni habari nyingine. Mpe barua: kodi iliisha tarehe fulani, anadaiwa kiasi fulani, anatakiwa kulipa au kuondoka ifikapo tarehe fulani. Siku 30 ni muda unaostahili, na kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi notisi isipungue mwezi mmoja, iishie mwisho wa kipindi cha kodi. Asaini kopi yako kwamba ameipokea. Akikataa, mjumbe aandike kwamba ameshuhudia ikitolewa.

Halafu kuna yale ya mjini tunayoyajua: kung'oa mlango, kutoboa bati, kukata umeme, kubadilisha kufuli mtu akiwa kazini, kushikilia televisheni na godoro. Usifanye hata moja. Ulikuwa unamdai wewe. Ukishamng'olea mlango na vitu vyake vikapotea, yeye ndiye anayekudai, na polisi watakuita wewe.

Njia ni hii. Anza kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa. Kesi nyingi zinaishia hapo, kwa sababu mpangaji hataki kuonekana mbaya mtaani. Zisipoisha, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Likishindwa linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea mbele. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko amri ya kumwondoa mtu inakotoka, na anayeitekeleza ni dalali wa baraza aliyeidhinishwa, si yule wa vyumba, si shemeji zako wenye miraba minne. Beba mkataba, kaunta buku, kopi za barua na video. Asiye na karatasi hubaki kusimulia.

Hatua ya 10: Chumba kimefungwa, mtu haonekani

Hili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Kodi imeisha miezi miwili, kufuli linaning'inia, simu haipatikani. Ndani kuna kitanda na jiko, pengine na kitu cha thamani.

Mpigie yule ndugu aliyeandikwa kwenye mkataba. Bandika notisi mlangoni yenye tarehe, uipige picha. Toa taarifa serikali ya mtaa kwa maandishi, na polisi pia, kwa sababu mtu huyo anaweza kuwa hospitali, mahabusu au amefariki. Muda wa notisi ukiisha, usifungue peke yako. Awepo mjumbe au mwenyekiti na mashahidi wawili, mmoja akiwa mpangaji mwenzake. Kufuli likikatwa, kitu kimoja kimoja kitajwe na kuandikwa: godoro la futi nne kwa sita, jiko la gesi la sahani mbili, begi jeusi lililofungwa. Begi lisifunguliwe. Wote wasaini, vitu vihifadhiwe mahali pakavu, na kopi ya orodha ibaki ofisi ya mtaa. Usiviuze kufidia kodi bila kuruhusiwa na baraza. Mtu hurudi, wengine baada ya mwaka, na hurudi akikumbuka televisheni ambayo haikuwepo.

Karibu na hili kuna lile la ndoa kuvunjika. Mkataba una jina la mume, mume kaondoka, mke na watoto wamebaki. Usiingie kwenye ugomvi wao. Muulize mama kama anaendelea, kodi ikiisha andikeni mkataba mpya kwa jina lake.

Hatua ya 11: Kupandisha kodi, na mtu kuhama

Kodi isipande katikati ya kipindi kilichokwishalipiwa. Mpe taarifa ya maandishi miezi miwili kabla, na useme sababu kama ipo: umefunga LUKU yake, umeweka tailizi, umevuta maji ndani. Mpangaji wa miaka minne asiye na deni mwongeze pungufu ya unavyomtajia mgeni.

Siku ya kuhama, ingieni chumbani na video ya siku ya kwanza. Kilichochakaa kwa kukaa, rangi iliyofifia na kitasa kilicholegea, usimkate. Kioo kilichovunjika na soketi iliyong'oka, mkate kwa bei ya risiti ya duka na ufundi, na risiti mpe. Dipoziti iliyobaki irudi siku hiyohiyo, kabla gari la mizigo halijaondoka. Soma sabumita mbele yake, alipe uniti za mwisho, namba iandikwe kwenye kaunta buku na mpangaji mpya aanzie hapo. Kitasa badilisha kabla huyo mpya hajaingia.